Tulimwajiri Mchezaji, Tukamkataza Kucheza

Mpwa wangu Divine anafanya kazi Kigali, katika kampuni changa inayotengeneza michezo ya kwenye simu. Juzi, nikiwa nimeshastaafu, nimekabidhi funguo za chumba cha rangi cha karakana na kurudi nyumbani kulea kuku, alinipigia simu akiwa na swali. Kuna vijana, alisema, ambao si wafanyakazi wao, ni wapenzi tu wa mchezo. Wanauchukua na kuuongezea mambo yao: timu nyingine, viwanja vipya, sauti za watangazaji wa kwao. Watu wamezipenda nyongeza zile kuliko mchezo wenyewe. Wakubwa wake wamegawanyika; kuna wanaotaka vijana hao waajiriwe haraka, na kuna wanaowaona waharibifu wa kufungiwa mlango.

"Tante, nyinyi pia mlikuwa mnatengeneza michezo," akasema. "Mngefanyaje?"

Nilicheka mpaka kuku wakanikimbia. Swali hilo lilishatufikia hapa hapa Kamembe, mpakani, kabla Divine hajazaliwa, na lilikaribia kumwacha mtu mwenye mke mjamzito bila kazi na bila shamba. Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona niwaandikie kwa urefu nyinyi mliobaki karakanani, mnaoniita Maman Vero na kujifanya mna kazi nyingi kila mnaponiona naingia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilizaliwa na kukulia Bukavu, upande wa Kongo, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani. Baada ya vita nilivuka daraja la Rusizi ya Pili na kurudi katika nchi ambayo sikuwahi kuishi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni, na watu walinicheka sokoni. Kazi niliipata kwa sababu Mzee Anastazi, mwenye karakana, aliniona nikipaka rangi madirisha ya jirani yake na akapenda kwamba sikudondosha rangi kwenye vioo. Akaniambia nije kesho yake.

Karakana ilikuwa pale pale ilipo leo, ila haikuwa na ukuta upande wa barabara, na umeme ulikuja kama mgeni. Nilidhani nitaanza na milango. Nilipewa sanduku la maiti na kipande cha msasa, nikaamriwa nililainishe nje na ndani. Nikauliza kwa nini na ndani, nani atapapasa huko? Aliyenijibu alikuwa Papa Sirili, fundi mkuu, Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu, aliyevuka daraja kila asubuhi na chakula chake kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Maman," akasema, ingawa wakati huo sikuwa mama wa mtu yeyote, "mwenye kulala mule hataona kitu. Lakini weye utajua."

Papa Sirili ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kubana msasa kwa kiganja badala ya vidole, kufuata nyuzi za mti, kufuta vumbi kabla ya kupaka verni ya kung'arisha, na kunyamaza wateja wanapokuja kuchukua. Masanduku yalikuwa mengi miaka ile. Watu walikuwa wakiwatoa ndugu zao katika mashimo walimotupwa wakati wa mauaji ya kimbari ili wawazike kwa heshima, na sanduku moja liliweza kubeba ukoo. Hapo nasimama. Wenye kukumbuka wanakumbuka, na nyinyi wengine mlisikia nyumbani.

Asubuhi moja Mzee Anastazi alisimama katikati ya karakana, kofia mkononi, akatazama masanduku yaliyopangwa ukutani.

"Nimechoka," akasema kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho watu ni "bantu". "Nataka tutengeneze kitu chenye bantu banakuya kuchukua huku banacheka."

"Kama nini, Patron?" akauliza Papa Sirili.

"Bebifuti."

Kwa wajukuu wanaojua mpira wa kwenye simu tu: bebifuti ni meza yenye umbo la kiwanja, wachezaji wa mbao wamechomekwa kwenye vyuma, na wewe unazungusha vyuma hivyo kupiga kijimpira mpaka kiingie golini. Mzee alikuwa ameiona katika baa moja ya Bukavu na moyo wake ukabaki huko. Shida ni kwamba mbao zetu zilikuwa zimeshakatwa kwa vipimo vya kazi ya zamani. Meza yetu ya kwanza ilitoka ndefu, nyembamba na yenye kina kirefu. Mteja wa kwanza aliizunguka, akauliza mfuniko uko wapi.

Ya pili ilikuwa na sura ya meza, na ya tatu ilinunuliwa. Tukagawana kazi. Papa Sirili alishika sanduku na vyuma, akitumia mbao za mti wa libuyu kutoka Kongo na mabomba ya maji yaliyonyooshwa. Wachezaji tuliwachonga kutoka mashina ya mibuni iliyozeeka, mti mgumu kweli, ukiudondosha mguuni unajuta. Mimi niliwapiga msasa na kuwapaka rangi. Timu moja nyekundu, nyingine bluu, kwa sababu ndizo rangi zilizokuwa dukani. Nyuso hatukuwachongea. Kwa mara ya kwanza tangu nivuke daraja nilijikuta naimba kazini, na Papa Sirili, ambaye hakupenda kelele, hakunikataza.

Kulikuwa na sheria moja, na Mzee aliishika kama sakramenti: fundi hachezi. Meza iliyochezwa si mpya, alisema, na tena alishaona Bukavu wanaume wazima wakisahau kazi na watoto kwa ajili ya kijimpira. Kwa hiyo tukimaliza meza tulisukuma mpira kwa mkono, mara moja kwenda, mara moja kurudi, tukaona unanyooka, tukaifunika gunia. Mimi niliona ni sheria ya maana. Masanduku nayo hatukuyajaribu kwa kulala ndani.

Meza zikasambaa. Zilikwenda Kamembe, Bukavu, Bugarama, na moja ilifika Bweyeye kwa vichwa vya watu, kwa sababu gari lilikataa barabara katikati ya msitu. Ndipo tukaanza kusikia jina la Saidi.

Mwenye ukumbi mmoja wa michezo alikuja kuagiza meza, akamaliza mazungumzo, akageuka mlangoni. "Mzee, mutanisaidia kuifikisha kwanza kwa Saidi?"

"Saidi gani?"

"Saidi wa Bugarama. Mwenye anaziweka sawa."

Kumbe habari ilikuwa mjini kote isipokuwa kwetu. Saidi alikuwa mkulima wa mpunga kule bondeni, mpenzi wa bebifuti, akitoka shambani anapitia ukumbini. Alikuwa ameanza kuongeza vitu vyake kwenye meza ya pale, na wachezaji wakaanza kuikimbilia meza ile wakiziacha nyingine. Kumbi zikawa zinanunua kwetu, kisha zinampelekea Saidi kabla mteja hajaigusa meza. Mzee Anastazi alikunja uso siku nzima. Kesho yake akaniambia nivae vizuri, tunashuka Bugarama kumwonya huyo mtu mbele ya watu. Mimi alinichukua ili nitambue rangi zangu.

Tulipanda lori lililokwenda kuchukua simenti. Bugarama mnaijua: joto linakupokea kabla ya wenyeji. Ukumbi ulikuwa kibanda cha mabati, na ndani yake kulikuwa na wafanyakazi wa kiwanda cha simenti waliotoka zamu, nyusi nyeupe kwa vumbi, wakibanana na wakulima wa mpunga wenye tope magotini. Katikati ilikuwa meza yetu. Nilijua ni yetu kwa mikono ya kushikia vyuma, lakini vingine vyote vilikuwa vimebadilika. Wachezaji wangu wekundu walikuwa wa kijivu, na wa bluu walikuwa wa kijani. Pembeni, pale mpira ulipozoea kufia mahali pasipofikiwa na mchezaji yeyote, palikuwa na vipande vya soli ya sandali vilivyokatwa kwa mteremko, na mpira ulirudi wenyewe uwanjani. Miguu ya wachezaji ilikuwa imetiwa tupa ikapata mwinamo. Goli likiingia, kengele ya baiskeli ililia chini ya meza, na kibanda kizima kikapiga kelele.

Kijana mmoja mlangoni akamuuliza Mzee, "Uko simenti ao uko mpunga?"

Mzee hakuelewa. Tukaelezwa: kijivu ni simenti, kijani ni mpunga, na kila anayeingia anachagua upande, awe anafanya kazi huko au la. Nataka mnielewe hapa. Miaka ile, kuulizwa uko upande gani lilikuwa jambo zito. Watu waliuliza kwa macho tu, wakakujibu kwa macho. Na hapa watu waliulizana kwa sauti, Mkatoliki na Mwislamu, aliyekuwepo wakati wa mauaji na aliyerudi baadaye kama mimi, mtu akajibu "mpunga", akasogezewa nafasi, yakaisha. Nilitazama rangi zangu zilizofunikwa na wala sikuudhika.

Mzee alijitambulisha. Kelele zikazima. Akajitokeza mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma, tupa ikiwa imechomekwa kwenye mfuko wa shati kama kalamu.

"Ni weye njo unaharibu meza zangu?" Mzee akauliza.

"Siharibu, Mzee. Naongeza."

"Nani alikutuma?"

"Ni mpira njo ulinituma. Ulikuwa unalala kwa kona, bantu banaanza kugombana. Mumoja anainua meza, mwingine anapuliza na mudomo, mpaka ngumi. Nikaweka kandambili, ngumi zikaisha."

"Na hii kengele?"

Saidi akafikiri kidogo. "Kengele ni ju ya furaha tu."

Watu wakacheka, na Mzee akasukumwa mpaka mezani kabla hajaamua kama amekasirika. Alicheza kama anayepiga randa, kwa nguvu na moja kwa moja, akafungwa haraka. Akataka tena. Saidi akamgusa bega kwa heshima.

"Kwetu mwenye kushinda anabakia, Mzee. Mwenye kufungwa anapisha."

Na Mzee Anastazi, mwenye karakana, mwenye meza, akaenda kusimama nyuma ya mstari kama mtu mwingine yeyote. Nilikuwa sijawahi kumwona akingoja kitu.

Tulirudi tukiwa juu ya mifuko ya simenti. Lori lilipoanza kupanda milima Mzee akanigeukia. "Vero," akasema, "huyu muntu tutamuchukua."

Karakanani Papa Sirili hakukubali. "Patron, yule ni mupenzi wa muchezo, haiko fundi. Anajua kuongeza juu ya kitu chenye kimekwisha. Kuanza na ubao, hapana. Umuache kule kwake, ununue mawazo yake."

"Nikimuacha inje, meza itaitwa ya Saidi," Mzee akajibu. "Nikimuingiza, itaitwa yangu."

Mnaona kwamba nia haikuwa safi sana. Lakini Saidi alifurahi mno. Akamwachia ndugu yake shamba la mpunga, na mnajua shamba likishazoea mkono mwingine halirudi kirahisi. Akapanga chumba Kamembe na mkewe Mwamini, aliyekuwa mjamzito. Akapewa bluzi, yaani koti la kazi, na benchi karibu na dirisha, pazuri kuliko pangu. Kisha Mzee akamsomea sheria: fundi hachezi.

"Hata kiloko?" Saidi akauliza, yaani hata kidogo, akidhani ni mzaha.

"Hata kiloko."

Mwanzoni kazi ilikwenda. Soli za pembeni, miguu yenye mwinamo, kengele, vyote vikaingia kwenye kila meza, na wateja wakaja. Lakini Mzee alizoea upesi, akaanza kudai kipya. Saidi akakaa dirishani akifikiri. Akaleta meza yenye kengele mbili. Akaleta mchezaji mwenye mikono juu, ambaye mpira ulimganda kwapani. Akaleta goli lenye kijimlango kilichokwama na mpira ndani, ikabidi wateja wachokonoe kwa uma. Mwenye ukumbi wa Bugarama alipanda mpaka kwetu kurudisha meza hiyo, akauliza mbele ya Saidi mwenyewe, "Saidi mwenye tulikuwa naye alibakia wapi?"

Ilikuwa aibu kubwa. Saidi alikonda. Mwamini aliniambia sokoni kwamba nyumbani hasemi, anakaa akizungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na kitu. Mzee naye akatangaza kwamba mwezi ukiisha, Saidi aende. Sikupenda alivyolisema, kama mtu anayerudisha mbao mbovu dukani.

Nilimkuta Saidi mchana akisukuma mpira kwa mkono juu ya meza mpya, mara moja kwenda, mara moja kurudi, kama tulivyomfundisha.

"Maman Vero, nitaenda wapi?" akaniuliza. "Shamba iko na ndugu yangu. Hapa nyumba ni ya kulipa. Mwamini iko karibu kuzaa."

"Lakini ju ya nini mawazo hayakuyi tena?"

"Sijui. Kule sikukuwa nafikiria. Nilikuwa nacheza, kitu kinaniuzi, nakiondoa. Basi. Hapa hakuna kitu kinaniuzi."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, na jibu lilikuwemo lote, lakini sikuliona. Hakuna aliyeliona. Tulikuwa tumeizoea sheria kama mtu anavyozoea msumari uliotokeza kwenye kiti chake, anakaa upande.

Kisha vita vikafika tena ng'ambo. Asubuhi hiyo Papa Sirili alikuwa ameshavuka kuja kazini tulipoanza kusikia bunduki upande wa Bukavu, na daraja likafungwa nyuma yake. Mkewe na watoto walikuwa kule. Alilala karakanani juu ya magunia, na mchana alisimama upande usio na ukuta akitazama milima ya ng'ambo. Kazi haikuwepo: mbao na mabomba vyote vilitoka huko. Meza moja iliyokamilika, ya ukumbi wa Bukavu, ilibaki chini ya gunia lake ikingoja njia. Mzee alikuwa ametoka kutafuta habari.

Saidi alimtazama Papa Sirili muda mrefu. Kisha akaenda kwenye ile meza, akavuta gunia likaanguka.

"Papa Sirili, kuya tucheze."

"Sheria?"

"Sheria iko na Patron. Patron haiko hapa. Na weye ukibakia kusimama tu pale, utaanguka."

Nilidhani Papa Sirili atakataa. Alikuja polepole, akashika vyuma alivyovitengeneza mwenyewe kama anayevikuta kwa mara ya kwanza. Mimi nikasimama naye, wawili dhidi ya Saidi mmoja. Sikuwahi kuwagusa wachezaji wangu ila kwa brashi. Mara nikaona rangi niliyojivunia inabanduka miguuni kwa sababu niliipaka nene mno. Mkono wa chuma ukaninyofoa ngozi ya kiganja. Mpira ukaruka nje ya meza, ukavuka barabara, nikaukimbiza mbele ya wapita njia. Niliporudi nilikuwa nacheka, na nikaona Papa Sirili anacheka pia, machozi yakimtoka. Sijui kama yalikuwa ya kicheko peke yake. Sikumuuliza.

Saidi alikuwa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka, macho yakawaka, na kila baada ya muda alisimamisha mchezo, akachomoa tupa mfukoni, akakwangua mahali, akasema haya tuendelee. Halafu akasukuma kwa nguvu safu yake ya kati, na chuma kikatokea upande wetu kikamdunga Papa Sirili tumboni.

"Nyamuzinda!" akalia Papa Sirili, akimwita Mungu kwa Kishi chake, akajikunja.

Tukamkimbilia. Yeye alikuwa ameinama, ameshika tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika kile chuma, anakitazama. Ukivuta chuma huku, kinatokea kule. Kila mtoto wa ukumbini alilijua hilo tumboni mwake. Sisi tuliotengeneza hatukujua, kwa sababu tangu karakana ianze hakuna aliyewahi kusimama humu upande wa pili wa meza mtu mwingine akicheza.

"Kule Bugarama kilikuwa kinachoma bantu siku zote," Saidi akasema. "Miye nilikuwa nafikiria kuna njia, lakini sijui kazi ya chuma."

"Miye najua," akasema Papa Sirili.

Alichukua bomba jembamba akalitia ndani ya bomba nene, akalisukuma, likaingia, akalivuta, likatoka. Akamtazama Saidi, na Saidi akamtazama yeye. Wakainama wote wawili juu ya jiliwa, mmoja akisema iende mpaka hapa, mwingine akisema nyamaza nipime. Mchana ule Papa Sirili hakurudi kusimama pale pa kutazamia milima.

Mzee Anastazi aliingia akakuta gunia chini, meza ya mteja imekwaruzwa, chuma kimoja kimekatwa, na wafanyakazi wake watatu wamelowa jasho. Saidi aliweka tupa mezani kama askari anayesalimisha bunduki.

"Ni miye niliondoa gunia, Patron. Baache hawa. Naenda."

"Subiri," akasema Papa Sirili. "Patron, simama hapa." Akamweka Mzee mahali alipokuwa amesimama yeye. "Saidi, sukuma ile ya zamani."

Chuma kikamfikia Mzee chini ya mbavu. Akashtuka, akaangalia tumbo lake, akaangalia chuma.

"Tena," akasema.

Kikamfikia tena. Kisha Papa Sirili akasukuma kile kipya, bomba ndani ya bomba, na hakikutokea. Mzee akabaki ameinua mikono akingoja maumivu yasiyokuja. Akaketi juu ya rundo la mbao, akavua kofia.

"Nilimuchukua huyu muntu sababu anacheza," akasema taratibu, "nikamukataza kucheza."

Baadaye akainuka, akasogea karibu na meza, akauliza nani ameshinda. Tukamwambia ni Saidi. "Basi mwenye kushinda anabakia," akasema, akashika mikono ya vyuma, akafungwa vibaya kuliko siku ile ya Bugarama.

Daraja lilipofunguliwa Papa Sirili alikuwa wa kwanza kuvuka, na jioni alituma mtu kutuambia kwamba watu wake wote ni wazima. Mwamini alijifungua msichana. Saidi hakuondoka. Siku za soko alishuka Bugarama kucheza, bluzi yake ikibaki kwenye msumari, na Mzee aliihesabu kuwa siku ya kazi. Sheria yetu iligeuzwa kichwa chini, ndiyo hii mnayoifuata mpaka leo: meza haitoki karakanani mpaka walioitengeneza wameicheza. Mnadhani ni starehe. Ni kazi, na ndiyo maana nilikuwa nawafokea mkicheza ovyo.

Kwa hiyo nilimwambia Divine: mwajirini kijana wa namna hiyo, lakini msimlipe aache kile kilichowafanya mmtake. Mtafutieni Papa Sirili wa kukaa naye, kwa sababu Papa Sirili hakukosea yote; mwenye kuona kinachoudhi na mwenye kujua kukirekebisha si lazima wawe mtu mmoja. Na kwanza muulizeni kama anataka. Kule Ruhwa kulikuwa na mama aliyefuma nyavu za magoli kwa uzi wa nailoni, nzuri ajabu. Tulimwita, akakataa, akasema anapenda duka lake pale mpakani na kelele zake. Tukawa tunanunua nyavu zake, naye akawa anatukosoa bure.

Divine akapunguza sauti kwenye simu. "Tante," akasema, "sisi ofisini tumekatazwa kucheza saa za kazi."

Nikamwambia akalivute gunia.

Siku yangu ya mwisho mnaikumbuka, maana mlikuwepo mkila visamaki vya sambaza na kupiga makofi. Mliona Saidi, ndevu nyeupe sasa, akiniita mezani. Miaka yote hiyo sikuwahi kumfunga. Mlishangilia nilipotangulia, mkashangilia zaidi nilipoongeza, na hamkuona nilichokiona mimi: kipa wake alikuwa amelala. Mkono wa Saidi ulishika chuma bila kukigeuza. Nikamtazama usoni, akatazama pembeni.

"Saidi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "unafanya nini?"

"Mwenye kushinda anabakia, Maman Vero."

Nilijifuta uso kwa kitenge, nikautoa mpira golini, nikauweka katikati ya uwanja.

"Cheza," nikasema.

Basi akacheza. Alicheza kama siku ile ya bunduki, mgongo umenyooka, kengele ikilia na kulia, na mimi nilijitetea kwa kila nilichofundishwa, nikafungwa safi. Nikaiachia mikono ya vyuma. Nyuma yangu alikuwa amesimama yule msichana mpya wa chumba cha rangi, anangoja zamu yake, nami nikampisha.